Ukurasa wa Kuni

Trak, trak, trak, trak, trak. Mara tano, kila siku saa nne na nusu asubuhi, kabla mgahawa haujafunguliwa. Mpaka leo mtu akifungua viti vya kukunja msibani au harusini, mimi huwa nahesabu kimoyomoyo, na visipofika vitano naona kama kuna kitu kimesahaulika.

Ulikuwa mlio wa kiambaza. Kilisimama nyuma tu ya mlango wa mgahawa wa Kijapani niliofanyia kazi mtaa wa Al Rigga, Uarabuni, ndani ya hoteli ndogo, ili mgeni akiingia asione meza zote kwa mpigo. Kilikuwa na vipande sita virefu vya mbao nyembamba vilivyoambwa karatasi, vimeungana kwa bawaba, na kila kipande kimechorwa. Sisi wafanyakazi tuliviita kurasa. Jioni vinakunjwa, asubuhi vinakunjuliwa, na mwenye kazi hiyo nilikuwa mimi, kwa sababu mlango ulikuwa wangu. Nilikuwa hostesi. Yaani msichana wa kusimama mlangoni, kutabasamu, kuchukua menyu na kumpeleka mgeni mezani. Kwa mtu aliyeishia kidato cha pili Muheza, niliona nimepewa cheo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka ni 2014, na nilishapanga kichwani kwamba siku moja nitafungua hoteli yangu ya chakula kwetu, nayo itakuwa na kiambaza mlangoni, chenye picha za watu wetu.

Picha za kile cha Al Rigga zilichorwa na kaka yake mpishi mkuu. Mpishi huyo, tuliyemwita Shefu, alikuwa mzee wa Kijapani, mfupi, mpole, mwenye Kiingereza cha kuokota kama changu. Kwenye kurasa hizo kulikuwa na majeshi yenye bendera migongoni, bibi harusi ndani ya machela, na halafu yule bibi. Bibi mzee, mnene kidogo, ameketi mlangoni pa nyumba ya mbao, mikono ameikunja mapajani, anatazama nje. Na ukurasa wa mwisho, upande wa kushoto karibu na mlango, haukuwa na mtu. Ulikuwa na kuni tu. Matita kwa matita, yamepangwa vizuri yakaizunguka nyumba mpaka dirishani.

Wiki ya kwanza nilimuuliza Shefu, "Huyu bibi ni nani?"

Akajibu neno moja. Mimi nikasikia hostesi.

Nikamwonyesha bibi kwa kidole, halafu nikajionyesha mwenyewe. "Kama mimi?"

Shefu alicheka mpaka akashika aproni yake, akatikisa kichwa ndiyo, ndiyo. Khalas, kwangu ikawa imekwisha. Nikampenda bibi yule siku hiyohiyo. Mwenzangu wa kazi, tangu zamani za wafalme.

Basi nikaanza kuwasimulia wageni. Wakisubiri meza, hasa wenye watoto, nawapitisha kwenye kurasa kuanzia kushoto: hizi ni kuni, kwa sababu kuna sherehe kubwa. Kwetu ukiona nyumba imezungukwa na kuni kiasi kile unajua kabisa kuna shughuli, wali utapikwa wa mtaa mzima. Huyu ndiye hostesi, anapokea wageni. Huyu bibi harusi anafika. Na hawa, nikifika kwenye majeshi, ni wageni waliochelewa wakakuta wali umekwisha, ndio wanapigania ukoko. Watoto walicheka sana. Kuna baba mmoja alirudi na familia yake mara tatu, na kila mara mtoto wake wa kike aliomba hadithi ya ukoko kabla ya kukaa.

Miezi saba nilisimulia hivyo.

Rafiki yangu pale alikuwa mhudumu wa meza, mwanamke wa Kisauni, Mombasa, aliyenizidi miaka kumi hivi. Nilimwita Dada, yeye aliniita Mbongo. Tulilala chumba kimoja Al Nahda, wanawake sita, yeye kitanda cha chini na mimi cha juu yake. Ndiye aliyenifundisha basi la kupanda, viatu vya kuvaa ukisimama saa kumi, na namna ya kumkatalia mtu kwa Kiarabu bila kumtukana. Nilikuwa nikimwambia habari za hoteli yangu ya Muheza anasikiliza yote, halafu anasema, "Na mimi utaniweka wapi? Usiniweke jikoni, mie nitakaa kwa meza ya mbele nikipepewa."

Siku moja mama mmoja wa Kijapani alinisikiliza hadi mwisho, akaziba mdomo kwa mkono kuficha kicheko, kisha akaenda kusema na Shefu. Mchana ule, saa tisa tulipofunga kusubiri wateja wa jioni, Shefu akatuita mimi na Dada mezani. Akachukua chupa ya soya akaiweka huku. Birika la chai akaliweka kule. Katikati akatandaza kitambaa cha mikono.

Akatueleza kwamba zamani nchi yao haikuwa na mtu mmoja wa kuitawala. Kila bonde lilikuwa na bwana wake mwenye ngome na jeshi, na mabwana hao waliungana na kuachana kama watu wanaobadilisha viatu. Leo wawili wanampiga wa tatu. Kesho mmoja kati ya wale wawili anahamia kwa wa tatu. Wanapeana mabinti waolewe ili wasipigane, halafu wanapigana, na binti anabaki katikati na mtoto mgongoni.

"Huyu," akagusa chupa ya soya, "mtu mkubwa. Huyu," akagusa birika, "mkubwa pia. Zamani, bosi wao mmoja. Bosi akafa. Wakapigana, hakuna aliyeshinda."

Bwana Soya akataka amani, lakini amani ya Bwana Birika kuja kuinama mbele yake. Birika hakuja. Soya akamtoa dada yake kwa mumewe, akampeleka aolewe na Birika. Birika akaoa, akashukuru, wala hakuja. Alijua akifika huko anaweza kuuawa.

"Si unaona," Dada akaninong'oneza, "yule wa kwenye machela si mwari. Ni mke wa mtu."

"Lakini yeye anakuja baada ya bibi."

"Kabla! Anzia kulia, Mbongo. Hawa husoma kama msahafu. Hukupita hata chuoni?"

"Mimi nilisoma shule ya Jumapili."

"Basi ndiyo maana."

Shefu alisubiri tumalize. Akachukua kikombe kidogo kabisa cha chai, akakisukuma polepole juu ya kitambaa kutoka kwa chupa ya soya hadi kwa birika. "Mama yake," akasema. "Soya akampeleka mama yake mzazi."

Bibi mzee akatiwa kwenye machela, ikatangazwa kwamba anakwenda kumtazama binti yake. Kila mtu alijua ni nini. Birika akipata la kumpata huko aendako, bibi ndiye atakayelipa. Na hapo Shefu akarudia lile neno, safari hii polepole, na Dada aliyemaliza sekondari akalidaka. Hosteji. Mtu anayewekwa rehani.

Mimi bado nilikuwa naangalia kikombe. Shefu alikuwa amefungua kopo la vijiti vya meno, akawa anavipanga kimoja kimoja kukizunguka. Akavipanga mpaka kikombe hakionekani chini. Kisha akatoa kiberiti cha gesi mfukoni, akakiwasha mara moja, akakizima.

"Watu wa Birika," akasema. "Kuni. Kila siku wanaongeza. Bibi anaona."

Nikageuka kukitazama kiambaza. Zile kuni zangu za wali.

Nililia, sitaficha. Shefu alishtuka, akaanza kuviokota vijiti vyake haraka kama vile ndivyo vilivyoniumiza, halafu simu ya mgahawa ikalia akaenda kuipokea, na hadithi ikaishia hapo.

Dada hakulia. Dada alicheka. Alicheka hadi jikoni, na kufika jioni jiko zima lilikuwa linajua kwamba miezi saba nimemfanya mateka mpokea wageni. Nikapewa jina: Hosteji. Mganda aliyekuwa akiosha vyombo akawa ananiita "nnyabo Hosteji" kwa heshima zote, anainama kabisa. Ningevumilia hilo, mimi mwenyewe hupenda utani. Lakini habari ikafika kwa meneja wetu, tuliyemwita Sir, na Sir hakuwa mtu wa hadithi. Aliniambia mbele ya wahudumu wote kwamba nimekuwa nikiwadanganya wateja, nisimame mlangoni nifunge mdomo. Na aliyempelekea habari ile, akicheka, bila kufikiri, alikuwa Dada.

Alijua amekosea. Lakini kusema samahani kulimshinda, na mimi kumuuliza kulinishinda. Isitoshe mgahawa wenyewe siku zile ulikuwa na kambi mbili, ya Shefu na ya Sir, kwa sababu Sir alitaka menyu iongezwe baga na Shefu hakutaka kusikia. Watu walihama kila wiki kutegemea nani anapanga zamu. Mimi nilibaki kwa Shefu. Dada akahamia kwa Sir, akawa anakula naye meza moja. Tukalala juu na chini wiki tano bila kusemeshana. Nikitaka kuzima taa namwambia mwenzetu wa kitanda cha tatu amwambie.

Ndipo mama yake Dada akaugua. Alianguka uani Kisauni, upande mmoja ukafa ganzi. Dada aliomba likizo ya dharura, na hapo ikaja desturi yetu ya pale. Sheria ya nchi haikusema hivyo, ila sisi tulikuwa hatuulizi. Pasipoti zetu zote zilikaa kwenye kabati la Sir. Ukitaka kuondoka kabla ya wakati wako, lazima mwenzako mmoja asaini kwamba utarudi. Mpaka urudi, pasipoti yake haitoki na likizo yake haihesabiki.

Dada alipewa siku ishirini na moja. Akamwendea kila aliyekuwa akila naye meza moja. Mmoja alikuwa na viza inayokaribia kuisha. Mwingine alisema mumewe amemkataza. Mwingine akasema inshallah, na inshallah ile sote tuliielewa. Nilimwona amesimama kwenye korido ya choo cha wafanyakazi, ameegemea ukuta na kofia yake ya kazi mkononi, na nikamwona bibi wa kwenye ukurasa wa tano. Sijui kwa nini. Hawakufanana hata kidogo.

Na mimi mwezi uleule mdogo wangu alikuwa anaolewa. Likizo yangu ilishapitishwa, ya kwanza tangu nifike. Nilishamwahidi kwamba mikono yangu ndiyo itakayomvisha gauni, si ya mtu mwingine. Ningeondoka siku ya ishirini na saba tangu Dada aondoke. Kwa hesabu ilitosha, kama angerudi.

Nikaenda kwa Sir.

"Wewe?" akasema. "Wewe na yeye si hamsemeshani?"

"Ndiyo, Sir."

"Asiporudi, husafiri. Unaelewa? Usije kulia hapa."

"Naelewa, Sir."

Nikasaini.

Nilipofika Al Nahda, Dada alikuwa anakunja nguo. Hakuinua kichwa.

"Kwani ni kwa nini wewe?"

"Nani mwingine?"

"Mbongo, sisi hatuongei."

"Hatuongei. Kusaini si kuongea."

Akaendelea kukunja kanga ileile, anaikunja, anaikunjua. Mwisho akasema, "Nitarudi."

"Najua. Salimia mama."

Kusema kweli sikujua. Siku za kwanza alituma ujumbe: amefika, mama yuko hospitali, mama anamtambua. Kisha ujumbe ukakoma. Siku ya kumi na mbili simu yake ikawa haipatikani. Mganda, asubuhi nikikunjua kiambaza, anapita na ndoo yake: "Nnyabo, kuni zimekauka?" Namjibu, "Bado mbichi, ssebo, nenda kaoshe sufuria." Nacheka, kwa sababu nikiacha kucheka yeye naye ataingiwa na huruma, na huruma ya Mganda yule ilikuwa mbaya kuliko utani wake. Mdogo wangu akawa ananiuliza kila jioni kama nimekata tiketi. Namwambia viatu vyake nimeshaviona dukani, vina vishanga.

Siku ya ishirini na moja ikapita. Ya ishirini na mbili, Sir akanipita mlangoni akaonyesha saa yake ya mkononi.

Mchana huo, tulipofunga, nikamfuata Shefu alipokuwa ananoa visu. Nilikuwa nimekaa na swali lile kwa wiki nane.

"Shefu. Yule bibi aliungua?"

Akaacha kunoa. "Hapana," akasema, kana kwamba amenishangaa kuishi muda wote huo bila kujua. "Birika alikwenda. Akainama kwa Soya. Soya akafurahi, akamwacha arudi. Birika akarudi kwake, bibi akarudishwa kwake. Salama. Machela ileile."

"Na kuni?"

Akafikiri. "Sijui. Labda walipikia."

Nilimshika mkono mzee wa watu, huku bado ameshika kisu. Halafu akaongeza kwamba Soya alipokufa baadaye, Birika aliigeukia familia yake, akachukua nchi nzima, hata mwana wa Soya hakupona. Nikamwambia Shefu hilo angebaki nalo.

Siku ya ishirini na tatu, hakuna. Siku ya ishirini na nne, saa sita mchana, mlango ukafunguliwa, nikatabasamu na menyu mkononi kabla sijatazama. Alikuwa Dada, na begi lake la uwanja wa ndege, buibui lina vumbi, macho mekundu. Akasimama mbele yangu kama mteja.

"Ndege niliikosa," akasema. "Sikuikosa. Nilifika uwanjani nikageuka. Simu nilishaizima tangu mapema. Sikuweza, Mbongo. Hawezi kushika kijiko."

Nikachukua begi.

"Nikakaa naye siku tatu nyingine. Nikamlisha uji. Nikamwambia, mama, kuna msichana nimemwacha kule, wamemshika kwa ajili yangu, mdogo wake aolewa. Unajua alivyosema? Ulimi wake wenyewe mzito. Kasema, mtoto wa mtu yuko kwa watu, na wewe umekaa kunilisha mie uji? Rudi." Akafuta pua na ncha ya mtandio. "Hata buriani hakunipa. Kanigeuzia uso ukutani ili nitoke."

Tulisimama pale nyuma ya kiambaza, kwenye kile kipande cha sakafu ambacho wageni hawakioni na waliokaa mezani hawakioni, na nikamkumbatia. Nilikuwa nimefurahi kwa ajili ya harusi, siwezi kusema uongo. Lakini nilikuwa nikiwaza kitu kingine pia. Siku zote zile nilijihesabu kuwa mimi ndiye bibi wa kwenye picha, nimekaa mlangoni pa watu. Sikuwaza kwamba huko Kisauni, kila alipomtia mama yake uji mdomoni, Dada alikuwa akiona jina langu kwenye karatasi ya Sir. Sahihi yangu niliitoa kwa moyo mweupe, na ndiyo iliyomng'oa kitandani kwa mama yake.

"Samahani kwa ile ya Sir," akaniambia begani.

"Ilishapita."

"Haikupita. Wiki tano ulinizimia taa kwa mkalimani."

Tukacheka, tukaitwa tunyamaze.

Sir alitoa pasipoti yangu jioni ileile, akaitupa juu ya kaunta. "Yalla, nenda kaolewe," akasema, na sikumsahihisha. Mama yake Dada aliishi miaka miwili zaidi, na mkono ule ulirudi kiasi cha kushika kikombe. Hayo niliyajua baadaye.

Siku ya safari ndege yangu ilikuwa mchana. Sikuwa na zamu, ila nilikwenda Al Rigga asubuhi kuwaaga. Nilifika mapema mno, taa za jikoni hazijawashwa, na mgahawa ulikuwa na ile harufu yake ya wali wa jana na sabuni. Kiambaza kilikuwa kimekunjwa ukutani. Nikaweka begi chini, nikaanza kukikunjua kutoka kulia, kama Dada alivyonielekeza. Majeshi. Bendera. Mke wa mtu ndani ya machela. Yule bibi, mikono mapajani.

Trak, trak, trak, trak.

Ukurasa wa kuni nikauacha umekunjwa kwa nyuma, umeegemea ukuta. Nikausukuma kwa kiganja ili ukae sawa, nikachukua begi langu.